Kamera kuukuu ya nyota: ipi inalipa ukiitumia na programu huria?

Julai 2024 kampuni ya Orion Telescopes & Binoculars ya California, iliyouza darubini kwa miongo mingi, ilifunga shughuli zake. Meade, ambayo Orion iliinunua mwaka 2021, ilizama pamoja nayo. Kamera walizouza bado ziko mikononi mwa watu na zinapita sokoni kama mitumba: Deep Sky Imager ya Meade, StarShoot Autoguider ya Orion na nyingine. Kihisi chake ni kizima na kioo hakina mkwaruzo. Tatizo ni kwamba aliyeziandikia draiva hayupo tena, na draiva za Windows XP za biti 32 haziingii kabisa kwenye Windows ya biti 64. Muuzaji anakuambia kamera inawaka, na kweli taa inawaka, lakini kompyuta ya leo haijui imechomekwa kitu gani.

Kamera hiyohiyo ukiichomeka kwenye kompyuta ya Linux yenye maktaba ya INDI, inapiga picha. Kuna mtu aliyekaa akaandika draiva yake, akaweka msimbo mahali ambapo kila mtu anaweza kuusoma na kuurekebisha, na kampuni ilipokufa msimbo haukufa nayo. Ndiyo maana nashikilia kwamba anayenunua kamera ya nyota iliyotumika asianze kuuliza megapikseli wala bei. Aanze kuuliza draiva yake iko mikononi mwa nani.

Kwa kipimo hicho kamera kuukuu ziko za namna tatu. Kuna zile ambazo draiva yake yote iko wazi: kamera za Starlight Xpress, Deep Sky Imager, kamera za wavuti za zamani na kamera za Canon kupitia maktaba ya libgphoto2. Hizi zitaendelea kufanya kazi maadamu kuna mtu anayejali. Kuna zile ambazo INDI ina ganda lililo wazi, lakini ndani yake kuna faili la mtengenezaji lililofungwa. ZWO, QHY, Atik na SBIG ziko hapa. Zinafanya kazi vizuri leo, ila siku mtengenezaji akiacha kutoa faili la kichakato kipya, utabaki na kompyuta yako ya zamani. Halafu kuna zile zisizo na draiva yoyote nje ya diski iliyokuja nazo dukani. Hizo usinunue, hata kwa bei ya soda.

Kuhusu programu zenyewe, hakuna ya kulipia unayoihitaji. KStars pamoja na sehemu yake ya Ekos inaendesha kamera, mlima wa darubini na kifaa cha kulenga. CCDciel inafanya kazi hiyohiyo kwa sura nyepesi zaidi, na inaelewana na INDI na hata na ASCOM ya Windows. PHD2 ni ya kuongoza darubini wakati wa picha ndefu. oaCapture ni ya sayari na Mwezi, kwa Linux na macOS. Anayebaki na Windows ana N.I.N.A., nayo msimbo wake uko wazi, ingawa kwa kamera nyingi za zamani inategemea draiva za ASCOM, na draiva ya zamani ya biti 32 haielewani moja kwa moja na programu ya biti 64. Kwa kuunganisha fremu baadaye, Siril inatosha.

Zipo pia FireCapture, SharpCap na AstroDMx Capture. FireCapture na AstroDMx hazitozi hela, na SharpCap ina toleo la bure pamoja na toleo la ada ya kila mwaka. Ni programu nzuri, na kwa sayari FireCapture ni nzuri sana. Lakini msimbo wake haujawekwa wazi, kwa hiyo mwandishi akiamua kuondoa kamera yako kwenye orodha huna la kufanya. Mimi ningezitumia kwa furaha, ila nisingenunua kamera kuukuu kwa kutegemea mojawapo peke yake.

Tuje kwenye kamera, na tuanze na za bei ya chini kabisa. Philips ToUcam Pro na SPC900NC zilitengenezwa kwa mazungumzo ya video, lakini ndani zina kihisi cha CCD cha Sony, ICX098, chenye pikseli 640 kwa 480. NexImage ya kwanza ya Celestron ilikuwa ya ukoo huohuo. Katika miaka ya 2000 picha nyingi nzuri za Mshtarii na Zohali za wapenda nyota wa kawaida zilipigwa na kamera hizi. Kwenye Linux draiva ya Philips inaitwa pwc, imo ndani ya kiini cha mfumo wenyewe, na huhitaji kupakua chochote. Mitumba yake hupatikana kwa chini ya dola 30.

Bei hiyo inadanganya. Kamera ya wavuti haina mdomo wa kuingia kwenye darubini, kwa hiyo unang'oa lenzi na kununua adapta ya inchi 1.25. Kichujio cha miali isiyoonekana (infraredi) kilikuwa ndani ya lenzi uliyoing'oa, kwa hiyo unanunua na kichujio. Kisha kuna pikseli zake za mikroni 5.6. Kwa sayari, uwiano wa f wa darubini unatakiwa kuwa takriban mara tatu hadi tano ya ukubwa wa pikseli kwa mikroni. Hapa unazungumzia f/17 hadi f/28, wakati darubini ndogo ya Newton ya milimita 130 mara nyingi ni f/5. Hata lenzi ya Barlow ya mara tatu inakufikisha f/15 tu. Ukijumlisha, dola 30 zimekuwa 80 au zaidi, na bado una kamera ya USB 1.1.

Kasi ni jambo zito hapa. Mshtarii huzunguka mara moja kwa chini ya saa 10, kwa hiyo video ikizidi dakika mbili tatu alama za usoni pake zinaanza kufifia. ToUcam ikizidi fremu 10 kwa sekunde, inabana picha mno kwa sababu waya haupitishi zaidi. Dakika mbili zinakupa fremu 1,200. DMK21AU04 ya The Imaging Source, yenye kihisi cha ukoo huohuo wa ICX098 bila rangi, inatoa fremu 60 kwa sekunde, sawa na 7,200 kwa dakika hizohizo mbili, na kiini cha Linux kinaitambua kupitia uvcvideo. Programu ya kuunganisha huchagua fremu zilizopigwa hewa ilipotulia, na fremu 7,200 zina nyakati nyingi zaidi za utulivu. Baina ya hizi mbili, DMK21 ndiyo ya kulipia.

Linganisha sasa na kamera mpya ya bei ya chini, SVBONY SV105, inayouzwa karibu dola 60. Ina mdomo wa inchi 1.25 tayari, inatumia utaratibu wa kawaida wa video wa USB ambao Linux inauelewa bila draiva ya pekee, na pikseli zake za mikroni 3 zinaridhika na Barlow ya mara mbili kwenye darubini ya f/5. ToUcam ukipewa na mtu, ichukue, uifanyie kazi, ufurahi. Kuinunua leo ni kupoteza hela.

Kuna faida moja ambayo sisi wa karibu na ikweta tumeipata bila kulipia. Nairobi iko kwenye latitudo ya digrii 1 na dakika 17 kusini. Sayari yoyote kubwa, iwe upande gani wa njia yake, ikikata kusini-kaskazini hapa inakuwa zaidi ya digrii 60 juu ya upeo. London, Zohali ikiwa kwenye sehemu yake ya kusini kabisa, hupanda kama digrii 16 tu, na mwanga wake unapenya hewa nzito ya upeoni. Kamera ya dola 60 Nairobi, Mwanza au Bujumbura inaangalia sayari kupitia hewa nyembamba kuliko kamera ya mamia ya dola ya mwenzetu wa Ulaya katika miaka hiyo mibaya. Ndiyo sababu nasema mwanzoni wekeza kwenye sayari na Mwezi.

Ninayoipendekeza kwa moyo mmoja sokoni ni ASI120 ya ZWO ya USB 2.0, iwe MM isiyo na rangi au MC ya rangi. Pikseli zake ni 1280 kwa 960 za mikroni 3.75, kasi yake inafika kama fremu 35 kwa sekunde, na ukikata eneo dogo kuzunguka sayari inapanda zaidi. Ina tundu la kuongozea darubini, kwa hiyo sayari zikizama inageuka kuwa kamera ya PHD2. Mitumba yake hupatikana kwa chini ya dola 100. Mdogo wake wa sasa, ASI120MM Mini, ni kama dola 149 mpya. Kwa kiwango cha shilingi 130 za Kenya kwa dola hiyo ni shilingi 19,370, na VAT ya asilimia 16 peke yake inaongeza zaidi ya 3,000, kabla ya usafirishaji na ushuru. Tanzania na Uganda VAT ni asilimia 18.

ASI120 ya zamani ina ugonjwa mmoja unaojulikana, na mnunuzi anayeujua anaweza kuutumia kushusha bei. Programu ya ndani iliyotoka nayo kiwandani inaiambia kompyuta kwamba inatuma vipande vya data vya baiti 1,024, wakati kanuni ya USB 2.0 kwa njia hiyo ni 512. Windows ilinyamaza. Linux ikakataa. Matokeo yake ni kamera inayoonekana kwenye orodha lakini haitoi picha, au inatoa fremu mbili ikaganda, na mwenyewe anaamini imeharibika. Dawa ni programu ya ndani iliyotolewa na ZWO yenyewe kwa ajili ya tatizo hili. Inapakiwa mara moja kwa kompyuta ya Windows, kisha kamera inakaa sawa kwenye Linux na macOS. Azima kompyuta ya jirani kwa nusu saa. ASI120 za USB 3.0 na Mini hazihitaji tiba hiyo.

StarShoot Autoguider na QHY5 ya kwanza ni kifaa kimoja chenye majina mawili: kihisi cha Micron MT9M001, pikseli 1280 kwa 1024, bila rangi. Kwa sayari ni nzito. Kwa kuongoza darubini bado zinafaa kabisa, na PHD2 kwenye Linux inazielewa. Ujue tu kwamba hazihifadhi programu ya ndani. Kila unapozichomeka, kompyuta huzipakia programu hiyo upya, na kwenye orodha ya amri ya lsusb namba ya utambulisho hubadilika: moja kabla, nyingine baada. Ukiona namba haibadiliki, kamera haijafa. Ni kanuni za udev, zinazoiambia Linux la kufanya kifaa kikichomekwa, ndizo hazijawekwa, na kufunga kifurushi cha INDI husika kwa kawaida kunamaliza shida. Wengi wameitupa kamera nzuri hapa.

Kwa anayepiga picha Afrika Mashariki, kamera ya kuongozea ina kazi ya ziada. Nyota ya Kaskazini haionekani Nairobi wala Dar es Salaam, kwa hiyo njia ya kuupanga mlima wa darubini kwa kuilenga nyota hiyo haipo. PHD2 ina zana ya kupima jinsi nyota inavyohama taratibu kwenye picha, nawe unarekebisha mlima hadi ikatulia. Inachukua muda, lakini inafanya kazi popote duniani, na kamera ya miaka ya 2000 inatosha.

Deep Sky Imager ya kwanza ya Meade, ingawa draiva yake iko wazi, ina takriban robo milioni ya pikseli. Iongozee darubini ukiwa nayo, usiitafute. SBIG ST-7 na ST-8 zilikuwa kamera za wanasayansi, zenye ubaridi wa umeme na kihisi cha pili cha kuongozea. ST-7 ina pikseli 765 kwa 510. Za USB zinaendeshwa na INDI. Za tundu la printa zinataka kompyuta ambayo haitengenezwi tena. Ziache hata kama muuzaji ni rafiki yako.

Kwa nebula na makundi ya nyota, jibu langu halitoki kwenye duka la darubini. Ni Canon iliyotumika. Wapiga picha za harusi wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo, na miili ya zamani ya Canon inapatikana kwa wauzaji wa kamera wa Nairobi na Dar es Salaam, unaishika mkononi, unaijaribu, hulipi posta wala forodha. Canon 1000D ya mwaka 2008 ina megapikseli 10 kwenye kihisi kikubwa mara nyingi kuliko cha kamera za sayari nilizozitaja. libgphoto2 inaielewa, Ekos na CCDciel zinaiendesha, na picha zake ghafi zinaingia Siril moja kwa moja.

Hapa pia mwaka una maana kubwa. Kuanzia 450D na 1000D, kompyuta inaweza kuacha shata wazi kwa dakika kadhaa kupitia kebo ileile ya USB. Canon 350D ya mwaka 2005 haiwezi. Inahitaji kebo ya pili ya shata yenye kifaa chake, na tofauti ya bei uliyookoa imekwisha. Ukipata 550D umebahatika, maana ina namna ya video ya 640 kwa 480 inayokata katikati ya kihisi kwa fremu 60 kwa sekunde, na hiyo inafaa kwa sayari. Kasoro ya Canon zote za kawaida ni kichujio cha ndani kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga mwekundu wa hidrojeni, wa nanomita 656, kwa hiyo nebula nyekundu hutoka hafifu. Nebula ya Orioni inang'aa kiasi cha kutosha kuvumilia hilo. Nunua pia betri bandia ya kuunganisha na umeme, kwa sababu betri ya kawaida haimalizi usiku.

Kompyuta ndiyo gharama ambayo watu wanaisahau, na kwa bahati nzuri sasa inaweza kuwa sifuri. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na kompyuta mpakato nyingi nzima haziruhusiwi kwenda Windows 11. Moja ya hizo, ikiwekewa Ubuntu na kifurushi cha INDI, ni mashine kamili ya kupigia picha. Asiye nayo anaweza kununua Raspberry Pi. Pi 4 ya gigabaiti 4 ilitangazwa kwa dola 55 mwaka 2019, na Pi 5 ya kumbukumbu hiyohiyo kwa dola 60 mwaka 2023, nawe unaongeza chaja, kadi na kasha. Unaiacha kwenye darubini, unaketi ndani na kuiendesha kwa wifi. Kisanduku cha ASIAIR Plus cha ZWO, kama dola 299, kinafanya hayo kwa urahisi mkubwa zaidi, lakini kwa upande wa kamera za nyota kinakubali za ZWO tu. QHY5 au Starlight Xpress yako haiingii.

Usisahau diski. Video ya 640 kwa 480 kwa fremu 60 ni takriban megabaiti 18 kila sekunde, zaidi ya gigabaiti 2 kwa dakika mbili. Kadi ya bei ya chini kwenye Raspberry Pi inashindwa, fremu zinadondoka, na lawama inaangukia kamera. SSD ndogo ya USB inamaliza tatizo hilo. Pakua vifurushi vyote nyumbani kabla ya kwenda shamba, kwa sababu ni mamia ya megabaiti na bando la simu litakwisha usiku ukiwa gizani.

Kabla ya kutoa hela, mwombe muuzaji aichomeke kamera kwenye kompyuta yoyote ya Linux na akutumie picha ya matokeo ya lsusb pamoja na fremu moja iliyopigwa siku hiyo. Picha ya kamera mezani haitoshi.

Mwenye dola 60 achukue SV105 mpya kwa sayari na aachane na kamera za wavuti za kale. Mwenye 100 atafute ASI120 iliyotumika, na huo ndio ununuzi bora kuliko yote niliyoyataja. Anayetaka nebula anunue Canon 1000D au 550D hapahapa nyumbani na atumie fedha iliyobaki kwenye mlima imara wa darubini.

Na kamera yako ikikubali kufanya kazi, ndugu msomaji, waandikie waandishi wa draiva: taja modeli, toleo la Linux na kilichokwama njiani. Wengi wao hawana kamera hizo mkononi na hawawezi kuzijaribu. Taarifa yako fupi ndiyo inayowaonyesha kwamba bado kuna anayeitumia draiva ile.